Wahadhiri Nao Walelewe Kikazi



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi walimu wa shule za msingi hulizungumza sana wakati wa mapumziko. Nalo ni hili: katika elimu ya nchi yetu, chuo kikuu ndiko mahali ambapo mtu anaweza kukabidhiwa darasa pasipo kufundishwa hata siku moja namna ya kufundisha.

Mimi, ili niruhusiwe kusimama mbele ya watoto wa darasa la pili, nilikaa chuo cha ualimu miaka miwili. Nilijifunza saikolojia ya mtoto, kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, na kutengeneza zana kwa makasha na vifuniko vya chupa. Katika mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alikaa nyuma ya darasa na daftari lake akiandika kila nilichofanya. Hata baada ya kuajiriwa niliwekwa chini ya mwalimu mkongwe ambaye kwa muhula mzima alikuwa akichungulia darasani kwangu.

Je, mhadhiri? Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza kwa wastani wa 3.8 au zaidi anaweza kuajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi. Akipata shahada ya uzamili kwa wastani wa 4.0 anakuwa mhadhiri msaidizi. Alama hizo zinathibitisha kwamba analijua somo lake, wala sina shaka. Lakini hazisemi lolote kama anaweza kumfanya mtu mwingine alijue. Isipokuwa kama alisomea ualimu, anaingia ukumbini na kufundisha kama alivyofundishwa yeye, na aliyemfundisha naye alifanya hivyo hivyo.

Wapo watakaosema, hilo lakuhusu nini wewe mwalimu wa msingi? Lanihusu sana. Walimu wa sekondari wanaowapokea watoto wetu wakitoka darasa la saba wengi wao ni zao la vyuo vikuu. Tangu Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, mitaala mipya inamtaka mwalimu ajenge umahiri wa mwanafunzi na aachane na kumkaririsha. Mwenzangu mmoja aliyekwenda kujiendeleza alinieleza kwamba mada ya mbinu shirikishi ilifundishwa kwa mhadhiri kusoma slaidi ukutani saa mbili mfululizo, ukumbi umejaa, wengine wakiandikia magotini mlangoni. Chuo sikitaji. Ndipo nikajiuliza, mwalimu aliyesomeshwa ushirikishi kwa namna ile ataupata wapi?

Kulea mwalimu akiwa kazini si jambo geni hapa kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Taifa lilipoamua kila mtoto asome, vyuo vya ualimu havikutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakawa wanafundisha huku wanasoma, kwa masomo ya posta na ya redio, na kwa kuangaliwa na walimu wazoefu palepale shuleni. Walimu hao wa UPE walisemwa sana, na baadhi ya yaliyosemwa yalikuwa kweli. Hata hivyo wapo maprofesa wa leo ambao herufi ya kwanza waliandikishwa na mwalimu wa UPE, naye angalau alikuwa na mtu wa kumwuliza.

Siku hizi tunayo MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Walimu wa shule moja, au wa shule kadhaa za jirani, tunakutana katika jumuiya za ujifunzaji. Mmoja anafundisha, wenzake wanatazama, kisha tunajadiliana. Sitaki kuipamba kupita kiasi. Yako mahali ambako watu hukutana ili wasaini daftari, na kuna wanaouliza posho kabla ya kuuliza mada. Lakini inapofanyika kwa dhati inasaidia, na sababu yake naijua: anayekaa nyuma ya darasa ni mwenzako. Mthibiti ubora akija, unachagua somo unalolimudu na watoto unawaonya mapema. Mwenzako unamwita kwenye somo linalokushinda. Katika kundi letu aliyetembelewa ndiye anayesema atazamwe nini, kwa mfano jinsi anavyouliza maswali, au kama watoto wa safu za nyuma wanasikia. Yanayosemwa hayafiki kwa mwalimu mkuu wala kwenye jalada la mtu.

Kanuni hiyo ndiyo ingewafaa wahadhiri, maana najua msomi hapendi kukaguliwa. Hakuna anayependa. Na wala si kwamba haiwezekani. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilipobadilisha mitaala yake iwe ya umahiri, ikaanza kutumika 2011, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, na wahadhiri wake wenyewe wakaunda kikundi cha kuwafunza wenzao namna ya kufundisha na kupima. Daktari bingwa aliyekubali kufundishwa kufundisha na daktari mwenzake hakupungukiwa na kitu.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni vyeo. Kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, na kutoka hapo hadi profesa, kinachohesabiwa zaidi ni machapisho. Mhadhiri mwenye akili zake, akiwa na jioni moja ya kuandika makala au kumsaidia kijana mgeni kuandaa mhadhara, ataandika makala. Hatuwezi kumlaumu. Waajiri na Tume ya Vyuo Vikuu wangehesabu kazi ya kulea wenzake katika kumpandisha mtu cheo, hata kama kwa alama chache, mambo yangeanza kubadilika bila semina ya hotelini. Fedha nazo zimepatikana. Mradi wa HEET ulioanza 2021 ulitokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu. Kumbi na maabara tunavihitaji, ila anayesimama ndani yake asisahauliwe.

Hapa kwetu Arusha tungeweza kuanza mapema. Njiro kuna Chuo cha Uhasibu, Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, Usa River kuna Makumira. Ni safari ya daladala tu. Idara ndogo yenye wahadhiri wawili wa somo moja haiwezi kuwa na jumuiya yake, lakini idara za vyuo vitatu zinaweza, kama shule zetu ndogo zinavyofanya katika klasta. Wakutane mara moja kwa mwezi, chuo mwenyeji kitoe chai na ukumbi, na mkufunzi msaidizi mpya apewe mwalimu mlezi wa kutoka chuo kingine, ambaye hatakaa kwenye kikao cha kujadili mkataba wake.

Wakihitaji kuona linavyofanyika, shule zetu za Olasiti haziko mbali. Waje siku ya kazi, ila wajue viti vyetu ni vifupi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Olasiti, Arusha.