Shule ya bure, mzigo wa wazazi: Kanisa lisimame wapi?

Kila mwezi wa tisa wazazi wanatuuliza swali moja: kama shule ya msingi ni ya bure, kwa nini mtoto wangu anarudishwa nyumbani? Ni swali la haki. Sisi watumishi wa Mungu hatuwezi kulijibu kwa maombi peke yake.

Sheria iko wazi. Katiba ya 2006, kipengele cha 43, inataka masomo ya msingi yawe ya lazima na ya bure katika shule za umma. Lakini tangu shida za miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba walimu kwa kulipa ile prime. Ni mwezi wa tisa 2019 tu ambapo serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kuitekeleza sheria hiyo nchini kote. Watoto wengi waliingia darasani. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Anayesema gratuité haikuleta kitu hasemi kweli.

Hata hivyo, mzigo haukuisha. Mzazi bado ananunua yuniforme, madaftari, kalamu na viatu. Madarasa yamejaa kupita kiasi. Kuna walimu wa NU, wanaofundisha bila kuwa kwenye listi ya mishahara ya serikali. Shule ikitafuta cha kuwapa, inamgeukia tena mzazi, na malipo yanarudi kwa jina jingine. Nayo sekondari haimo katika bure hii. Mama anayeuza makala kwa mafungu sokoni, mwenye watoto watano, analazimika kuchagua nani asome. Mara nyingi ni msichana anayebaki nyumbani kulea wadogo wake.

Kwetu mashariki, vita imezidisha hali. M23 ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifunga milango na pesa zikawa adimu. Kambi za waliohama kandokando ya Goma zikabomolewa. Wengine walirudi vijijini wakakuta nyumba hazipo, wengine wakaomba nafasi kwa ndugu na marafiki. Familia inayopokea wageni inaonekana ina nafuu kwa kuwa ina paa, kumbe sufuria moja inalisha nyumba mbili. Msaada ukifika, mara nyingi listi inaandika waliokimbia tu, aliyewapokea anasahauliwa.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, kanisa la kwanza lilikuta shida kama hiyo. Chakula kilikuwapo, lakini wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani waliachwa nyuma katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawapa kazi hiyo. Huruma ilihitaji utaratibu.

Kanisa si mtazamaji katika jambo hili. Tangu mapatano ya 1977 na serikali, makanisa yanasimamia shule nyingi za nchi hii, zikiwemo shule zetu za Kiprotestanti. Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, kila shule yetu ibandike ukutani malipo yote yanayoombwa na sababu yake, yakiwa yamejadiliwa na kamati ya wazazi. Mtoto wa msingi asifukuzwe kwa sababu ya deni la mzazi.

Pili, mashemasi watembelee nyumba kwa nyumba na kuandika pia familia zinazopokea wageni, bila kuuliza ni wa kanisa gani.

Tatu, vikundi vya AVEC na likirimba vya mama zetu viweke akiba ndogo ya madaftari kuanzia mwezi wa tano, kabla bei hazijapanda. Anayesaidiwa asisimamishwe mbele ya kusanyiko wala kupigwa picha. Umaskini wake si tangazo letu.

Nne, viongozi wetu waendelee kuidai serikali iwaandike walimu wa NU na kuwalipa. Msaada wa kanisa hauchukui nafasi ya haki ambayo katiba imeahidi.

Wapendwa, mwezi wa tisa uko karibu kuliko tunavyodhani. Kila parokia ianze na swali dogo jumapili hii: katika mtaa wetu, ni mtoto gani ambaye hatakuwa darasani, na nini kinamzuia?