Katika Hesabu za Chuo Kikuu, Tuwataje na Walimu

Kila mwaka, yanapowadia mahafali ya vyuo vikuu vya umma, na wazazi waliotoka Kigoma, Mtwara na Pemba wakaketi tangu asubuhi wakingojea wana wao wavikwe majoho, wakuu wa vyuo husimama wakatoa taarifa ya mwaka, nayo taarifa hiyo aghalabu hueleza mambo manne: idadi ya waliodahiliwa, programu mpya zilizoanzishwa, fedha zilizopatikana, na majengo yaliyokamilika. Mimi ni miongoni mwa wale wanaofurahi kwa dhati wanaposikia kwamba yote manne yamezidi ya mwaka uliotangulia, maana maendeleo hayo yamegharimiwa kwa kodi na jasho la watu wengi ambao wenyewe hawakujaaliwa kukanyaga chuo. Walakini taarifa za namna hii zina upungufu ambao nimeona si vyema kuunyamazia, nao ni kwamba walimu, ambao bila ya wao hayo manne hayana muradi, mara nyingi hutajwa kwa kupita tu.

Nauchukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa ndicho kikongwe chetu na ndiye mama wa vyuo kadhaa vilivyofuata. Kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 15, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka uliofuata kikahamia kwenye kilima ambacho leo kila mtu hukiita Mlimani. Na tarehe 1 Julai 1970, ushirika ule ulipovunjwa, kikawa chuo kikuu kamili, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake wa kwanza. Humo ndimo kilimotoka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, mwaka 1984, na Muhimbili na Ardhi vikajitegemea mwaka 2007. Nacho chenyewe, pamoja na vyuo vyake vishiriki vya ualimu vya Chang'ombe na Mkwawa, kimefikia kuwahesabu wanafunzi wake kwa makumi ya maelfu.

Haiwezekani kwa mtu mwenye insafu kuutazama mwendo huo akasema hakuna lililofanyika. Mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya ya wanafunzi 3,840, majengo 20 yaliyojengwa na Wakala wa Majengo kwa shilingi bilioni 10, na mwaka uliofuata ikafunguliwa maktaba iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Anayejua maana ya kubebana, yaani wanafunzi wawili kulala katika kitanda kilichotengenezwa kwa ajili ya mmoja, huyu kichwa huku na yule kichwa kule, na begi la nguo likiwa chini ya uvungu kwa kuwa kabati ni la mwenye chumba, huyo hataidharau hata siku moja habari ya bweni jipya. Kadhalika mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya uchumi, uliotengewa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umeanza kupeleka kampasi katika mikoa ambayo haikuwa nazo, na Mlimani yenyewe inajenga Lindi na Kagera. Mtoto wa Lindi, ambaye babu yake aliona kufika Dar es Salaam kuwa ni safari ya msimu wa kiangazi tu kwa sababu ya mafuriko ya Rufiji, atasoma karibu na kwao. Hilo ni jambo adhimu, na waliolisimamia wanastahili shukrani zetu.

Lakini ndani ya majengo hayo kuna kazi inayotendeka baina ya watu wawili, mwalimu na mwanafunzi, na kazi hiyo haiongezeki kwa kuongeza matofali. Zamani mhadhara ulikuwa ni mwanzo tu wa somo. Baada yake ilikuja semina, ambapo wanafunzi kumi au kumi na watano waliketi kuizunguka meza pamoja na mwalimu wao, mmoja akasoma insha yake, wenziwe wakaipinga, na mwalimu akawaachia mjadala mpaka alipoona umekwama ndipo akaunyoosha. Insha iliporudi ilikuwa imeandikwa pembeni kwa wino mwekundu: hapa umedai bila ya ushahidi, hapa umechanganya sababu na matokeo, soma tena sura ya tatu kisha uje ofisini Alhamisi. Kijana aliyepokea karatasi ya namna hiyo mara nne au tano kwa mwaka alitoka chuoni akiwa na uwezo wa kufikiri ambao hakuna cheti kinachoweza kuutoa peke yake. Mwanahistoria Walter Rodney aliyafundisha na kuyabishania Mlimani mengi ya yale aliyoyaweka katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1972, na sehemu ya sifa ya chuo kile duniani ilitokana na wanafunzi waliothubutu kumkabili mwalimu kwa hoja, kwa kuwa mwalimu mwenyewe alikuwa karibu, naye aliwajua kwa majina.

Leo, katika masomo yenye wanafunzi wengi, mhadhiri anakabili ukumbi wenye mamia, wengine wameketi juu ya ngazi, wengine wamesimama nje wakisikiliza kupitia dirishani, na semina imekuwa kundi kubwa kama darasa zima la zamani, ikiongozwa na kijana aliyehitimu shahada ya kwanza juzi tu. Mtihani unapokwisha, mwalimu huyo hubeba mafurushi ya vitabu vya majibu hadi nyumbani, akavisahihisha usiku mpaka macho yakauma, na hata angekuwa mcha Mungu kiasi gani hawezi kumwandikia kila mmoja maneno pembeni. Simlaumu. Nasema tu kwamba anayepata hasara ni yule yule mwanafunzi ambaye tumejivunia kumdahili, na hasara hiyo haionekani katika ukurasa wowote wa taarifa.

Pamoja naye unapata hasara utafiti. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, ambayo sisi tunaoandika magazetini tumeitegemea muda wa miaka mingi, ni kazi ya wanachuoni waliopewa wasaa wa kuketi na maneno mwaka baada ya mwaka. Na mwalimu aliyezidiwa na masahihisho hana wasaa huo hata akiwa na azma.

Sababu za upungufu huu hazimo zote mikononi mwa vyuo. Chuo kinaweza kubuni programu, kikaiandikia mtaala, kikaipitisha katika vikao vyake na kuipeleka Tume ya Vyuo Vikuu. Kinaweza kutafuta wafadhili, na kikakodisha ardhi yake, kama ardhi ya Mlimani ilivyotumika kujengea maduka ya Mlimani City. Lakini kuajiri mhadhiri wa kudumu kunahitaji kibali cha serikali, na kibali kisipotoka nafasi hubaki wazi kwa muda mrefu. Mwaka 2016 ajira mpya za umma zilisimamishwa ili watumishi hewa waondolewe, jambo lililokuwa la haki, ila pengo la wakati ule lilikuwa kubwa kwa vyuo kuliko kwa ofisi nyingine, maana karani huweza kupatikana mwaka huu na kazi ikaendelea mwaka huu huu, ilhali daktari wa falsafa huandaliwa muda mrefu.

Na hapa ndipo nawaomba wasomaji wangu wanifuate katika hesabu ndogo. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2016, ada ya shule ilipoondolewa hadi kidato cha nne, waliingia kwa wingi uliozielemea shule. Hao wanamaliza kidato cha nne mwaka 2026, na watakaofaulu watamaliza cha sita na kubisha hodi vyuoni mwaka 2029. Mkufunzi msaidizi anayeajiriwa akiwa na shahada moja huhitaji kama miaka miwili kupata ya umahiri, na minne au zaidi kupata ya uzamivu. Basi yeyote atakayeajiriwa sasa hatakuwa amekamilika siku wimbi hilo litakapofika, na kila mwaka tunaouacha upite bila ya kuajiri unausogeza mbali zaidi wakati wa kukamilika kwake. Ni kweli kwamba mradi nilioutaja unawagharimia wahadhiri wengi masomo ya juu, na hiyo ni sehemu ambayo naona ni bora kuliko majengo yake yote. Lakini huo unawaendeleza waliokwisha kuajiriwa, hauwaongezi.

Najua watakuwapo wa kujibu kwamba mitandao itaziba pengo, kwamba mhadhara mmoja uliorekodiwa utawafaa maelfu. Utawafaa, na Chuo Kikuu Huria kimetuonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mwanafunzi aliye mbali naye hufundishika. Ila hakuna chombo kilichochukua dhamana ya kuisoma insha ya binti wa Sumbawanga na kumwambia wapi hoja yake imelegea. Binti huyo, tena, hasomi bure: aghalabu anasoma kwa mkopo, naye atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Maadamu tumemwandikia deni, ni haki yake apate mwalimu wa kumsomesha.

Ninaloliomba si kubwa. Katika taarifa ya mwaka ujao, kila programu mpya inapotangazwa, itajwe na idadi ya walimu wa kudumu walioajiriwa kwa ajili yake. Palipoandikwa waliodahiliwa, iandikwe ni wanafunzi wangapi wanaomwangukia mwalimu mmoja katika kila idara, wangapi wamestaafu na wangapi wamechukua nafasi zao. Mabaraza ya vyuo yadai hesabu hiyo kabla ya kuidhinisha kitivo kipya. Na wabunge, bajeti ya elimu inaposomwa Dodoma, baada ya kuuliza kampasi ya mkoa wao imefikia wapi, waulize pia vibali vingapi vya wahadhiri vimeombwa, vingapi vimetolewa, na vilivyosalia vimekwama katika ofisi gani.