Mkulima wa Mlimani Si Mjinga

Kila masika yanapouchafua Mto Ruvu, na mabomba ya Dar es Salaam kuanza kutoa maji ya rangi ya chai, lawama ni zile zile: wakulima wa Milima ya Uluguru, mto huo unakoanzia, wanalima hovyo, hawana elimu. Nimechoka na kauli hiyo. Ni ya uvivu, tena ni ya dhuluma.

Mkoloni naye aliiamini. Miaka ya 1950 aliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Wakachimba. Lakini mteremko wenye udongo mwembamba ukichongwa namna hiyo, rutuba hufukiwa, na udongo mfu wa chini hubaki juu. Watu wakafanya kazi ya sulubu, mavuno yakapungua. Mwaka 1955 wakakataa. Ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mpango ukafa. Hapo ni nani hasa asiyeujua udongo?

Nenda Mbinga. Wamatengo walilima ngoro kabla bwana shamba yeyote hajafika kwao. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana. Wanawake huzifukia kwa udongo wanaouchimba katikati, hadi mteremko mzima unajaa vishimo vilivyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha maji hutuama humo, tope halitoki shambani, na nyasi zikioza huwa mbolea. Maharage huanza, mahindi hufuata. Hakuna semina iliyowafundisha.

Basi mbona wengine hawahifadhi udongo? Kwa sababu kuhifadhi ni kazi, na kazi ina gharama. Chukua fanya juu: unachimba mfereji kwa jembe kukata mteremko, unarusha udongo upande wa juu, kisha unapanda mabingobingo ili tuta lisibomoke. Mfereji na tuta hula eneo, na shamba lenyewe pengine ni nusu ekari. Kama ni la kukodi msimu mmoja, jasho lako ni zawadi kwa mwenye shamba. Ukipanda mti, utaambiwa unataka kulimiliki. Faida huja baada ya miaka, ilhali watoto wanakula leo. Na sehemu kubwa ya faida hiyo huteremka na mto hadi kwa mtu wa mjini ambaye hakuchangia hata senti.

Wenzetu Kenya wameliona hilo. Tangu 2015, mfuko wa maji wa bonde la juu la Mto Tana unakusanya michango, ikiwemo ya makampuni yanayotegemea maji hayo, na kuwasaidia wakulima wa Murang'a na kwingineko kwa miche, majani ya kushika udongo na mabwawa madogo ya kuvunia mvua.

Mamlaka zetu za maji ziweke fungu la mlimani kwenye ankara, lisomeke wazi, na fedha zifike kijijini. Mimi nitalilipa. Asiyetaka kulipa aache kuwatukana wanaomhifadhia maji.