Kabla ya Kutuma Hata Mia Tano

Mkulima wa kahawa wa Othaya akipigiwa simu leo na wakala wa kukusanya madeni kuhusu mkopo wa benki wa mwaka 2009, asikimbilie M-Pesa. Dawa ya deni ni kulipa, hilo hatubishi. Lakini Sura ya 22 ya sheria za Kenya humpa mdai miaka 6 tu kushtaki kwa deni la mkataba. Ukilipa hata shilingi 500, au ukikiri deni kwa maandishi yenye saini, muda huanza kuhesabiwa upya. Ndiyo sababu wakala hubembeleza: “Tuma kidogo tu, mzee.”

Mkopo uliodhaminiwa kwa hatimiliki ya shamba ni habari nyingine. Hapo muda ni miaka 12, na mwenye shamba amwone wakili mapema.

Riba nayo ina kikomo. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, hakiruhusu riba kupita salio la mkopo ulipoacha kulipwa. Dai hesabu kwa maandishi.

Benki Kuu iwalazimishe mawakala kutaja tarehe ya malipo ya mwisho kabla ya kuomba senti yoyote, Karatina au Nanyuki.