Utetezi wa Jiji la Nairobi katika utungaji wa sheria

Utetezi wa Jiji la Nairobi katika utungaji wa sheria ni juhudi za serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, nchini Kenya, za kulinda mapato na majukumu yake pale Bunge la nchi linapotunga sheria. Nairobi ni mji mkuu wa Kenya na makao ya Bunge, lakini gavana wake hana kiti wala kura ndani ya Bunge hilo. Kiasi cha fedha ambacho jiji litapata, kodi linazoweza kutoza na huduma litakazosimamia huamuliwa kwa sheria zinazotungwa na watu wengine. Kwa sababu hiyo jiji hutegemea ushawishi: kupitia seneta, wabunge, Baraza la Magavana, maoni ya maandishi, mahakama na mikataba na serikali ya kitaifa.

## Historia

Nairobi ilipewa hadhi ya jiji kwa hati ya kifalme mwaka 1950. Baada ya uhuru iliongozwa na halmashauri ya jiji yenye meya na madiwani, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa. Sheria hiyo ilimpa waziri wa serikali za mitaa uwezo mkubwa juu ya sheria ndogo na fedha za halmashauri. Mwaka 1983 serikali iliiondoa halmashauri iliyochaguliwa, na jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi mwaka 1992. Katika mfumo huo njia kuu ya jiji kutetea maslahi yake ilikuwa kuelewana na waziri au Ikulu.

Mambo yalibadilika baada ya Katiba mpya kuzinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Katiba iliunda kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 halmashauri ya jiji ilipisha serikali ya kaunti chini ya gavana wa kwanza, Evans Kidero. Tangu hapo mamlaka ya jiji hutoka katika Katiba yenyewe. Waziri hawezi tena kuyafuta kwa amri, ingawa sheria za Bunge bado zinaweza kuyapanua au kuyabana.

## Mamlaka ya jiji na mipaka yake

Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi kati ya ngazi mbili za serikali. Kaunti zimepewa, miongoni mwa mengine, huduma za afya za kaunti, barabara za kaunti, maegesho ya magari, uzoaji taka, masoko, mipango ya ujenzi na elimu ya chekechea. Serikali ya kitaifa imebaki na polisi, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, hospitali za rufaa za kitaifa na barabara kuu.

Upande wa fedha, kifungu cha 209 kinairuhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na kodi nyingine yoyote ambayo Bunge limeidhinisha kwa sheria. Kaunti pia inaweza kutoza ada kwa huduma inazotoa. Kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani ni za serikali ya kitaifa pekee. Hivyo, ingawa zaidi ya robo ya pato la taifa huzalishwa Nairobi, sehemu kubwa ya kodi inayotokana na shughuli hizo huingia katika hazina ya taifa, na jiji hurudishiwa sehemu yake kupitia mgao wa kila mwaka.

Bunge la Kaunti, lenye wawakilishi wa wadi 85 pamoja na wale wa kuteuliwa, hutunga sheria za jiji ndani ya mipaka hiyo.

## Njia za utetezi

Seneti. Kifungu cha 96 kinaipa Seneti kazi ya kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi yao. Katika masuala yanayohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja, na hupigwa na seneta aliyechaguliwa. Kura ya Nairobi, iliyohesabiwa kuwa na wakazi 4,397,073 katika sensa ya 2019, ni sawa na kura ya Lamu, iliyokuwa na wakazi 143,920. Tena seneta huchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Hapokei maagizo kutoka kwa gavana, na anaweza kuwa mpinzani wake wa kisiasa.

Bunge la Taifa. Nairobi ina maeneo bunge 17 na mwakilishi mmoja wa wanawake, yaani wabunge 18 kati ya 337, bila kuhesabu wa kuteuliwa. Wabunge hawa si watetezi wa moja kwa moja wa serikali ya kaunti. Wana mfuko wao wa maendeleo ya maeneo bunge, na mara nyingi wabunge na magavana hushindania fedha zilezile. Mfano ni mvutano kuhusu shilingi bilioni 10.5 za mfuko wa ukarabati wa barabara, ambapo kila upande ulidai kuwa ndio wenye haki ya kuzisimamia.

Baraza la Magavana. Baraza hili liliundwa na sheria ya mwaka 2012 kuhusu mahusiano kati ya serikali. Huchambua miswada, hutoa msimamo wa pamoja na huketi na serikali ya kitaifa katika mkutano mkuu unaoongozwa na Rais. Humo pia Nairobi ni moja kati ya 47.

Maoni ya umma. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lishirikishe wananchi katika kazi zake. Kamati hutangaza siku za kupokea maoni, na serikali ya kaunti inaweza kuwasilisha maandishi au kutuma maafisa wake wa fedha, sheria au ardhi. Katika hatua hii kifungu kimoja cha mswada kinaweza kurekebishwa bila kelele. Mswada ukishafika katika kura ya mwisho, nafasi hiyo huwa finyu.

Mahakama. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba Seneti lazima ishiriki katika mswada wa ugavi wa mapato. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti, ingawa mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ilitengua sehemu ya uamuzi huo. Mei 2020 Mahakama ya Juu, ikijibu ombi la Baraza la Magavana, ilieleza kuwa mswada wa mgao ukikwama, kaunti zinaweza kupewa asilimia 50 ya mgao wa mwaka uliotangulia ili huduma zisisimame.

## Mvutano kuhusu mgao wa mapato

Mapambano makubwa zaidi ni ya fedha. Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kila mwaka sheria moja huamua kiasi cha kaunti zote, na nyingine hukigawa kati yao kwa fomula ambayo Seneti huipanga kila baada ya miaka mitano, kwa mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato.

Katika mwaka wa fedha 2021/22 kaunti zilipewa shilingi bilioni 370, na Nairobi ilipata takriban bilioni 19.25. Hiyo ni karibu asilimia 5 ya fedha zote, ilhali jiji lilikuwa na asilimia 9 ya Wakenya. Wanaotetea kaunti zenye watu wengi husema kuwa fedha zifuate watu, na kwamba hospitali, barabara na masoko ya jiji hutumiwa pia na maelfu wanaoingia kila siku kutoka Kiambu, Machakos na Kajiado. Kaunti kame za kaskazini hujibu kwamba kuhudumia watu wachache waliotawanyika katika eneo kubwa ni ghali, kwamba ziliachwa nyuma kwa miongo mingi, na kwamba Nairobi ina uwezo wa kukusanya mapato yake yenyewe ambao wao hawana. Hoja zote mbili zina msingi katika Katiba, ambayo inataja mahitaji ya kaunti, uwezo wao wa kifedha na tofauti za kimaendeleo kama vigezo vya kuzingatiwa.

Mwaka 2020 Seneti ilishindwa mara kadhaa kukubaliana kuhusu fomula ya tatu. Seneta wa Nairobi wakati huo, Johnson Sakaja, alikuwa miongoni mwa viongozi wa maseneta waliopinga fomula yoyote ambayo ingepunguzia kaunti fulani fedha. Septemba mwaka huo walikubaliana kwamba fomula mpya ingetumika tu baada ya fungu lote kuongezwa, ili kaunti isipoteze kitu. Makubaliano hayo yalionyesha kwamba katika bunge la kura moja kwa kila kaunti, jiji halipati nyongeza kwa kuwashinda wengine; huipata pale fungu la wote linapokua. Mwaka 2022 Sakaja alichaguliwa kuwa gavana wa jiji hilohilo, akahamia upande wa wanaoomba kura za maseneta.

Fungu hilo linaweza pia kupungua. Baada ya Mswada wa Fedha wa 2024 kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana, mgao wa kaunti uliokuwa umepitishwa, wa shilingi bilioni 400.1, ulifunguliwa upya. Bunge la Taifa lilitaka bilioni 380. Baada ya upatanishi kati ya mabunge mawili zikapatikana bilioni 387.4. Mwaka wa fedha 2025/26 kiasi kilipanda hadi bilioni 415.

## Uhamisho wa majukumu wa 2020

Maslahi ya jiji yanaweza kubadilika bila sheria mpya. Tarehe 25 Februari 2020 gavana Mike Sonko alitia saini katika Ikulu hati ya kuhamishia serikali ya kitaifa majukumu ya afya, uchukuzi, ujenzi wa umma na huduma zinazohusiana nao, pamoja na mipango na maendeleo. Msingi wake ulikuwa kifungu cha 187 cha Katiba, kinachoruhusu ngazi moja kuikabidhi nyingine kazi kwa makubaliano. Majukumu hayo yalisimamiwa na Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, iliyojulikana kama NMS, chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi.

Wakati huo gavana alikuwa akikabiliwa na kesi mahakamani na jiji halikuwa na naibu gavana. Muda mfupi baadaye alianza kuyapinga makubaliano aliyoyatia saini na kukataa kuidhinisha fedha za idara hiyo. Juni 2020 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliona kuwa utaratibu haukufuata sheria, ikatoa siku 90 za kurekebisha. Desemba 2020 Seneti ilithibitisha kuondolewa kwa Sonko mamlakani. NMS iliendelea hadi mwaka 2022, majukumu yaliporudi kwa kaunti. Wanaoiunga mkono hutaja barabara na vituo vya afya vilivyojengwa mitaani. Wanaoikosoa hutaja kwamba wakazi waliendelea kupata huduma kutoka kwa maafisa ambao hawakuwachagua.

## Kodi ya ardhi na ada

Kwa miongo mingi Nairobi ilitoza kodi ya ardhi kwa kutumia daftari la uthamini la miaka ya 1980, huku thamani ya viwanja ikipanda mara nyingi. Jiji pia limedai kwa muda mrefu kwamba taasisi za serikali ya kitaifa zenye ardhi jijini hazilipi kile zinachopaswa kulipa. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kitaifa ya utozaji wa kodi ya ardhi badala ya zile za kale.

Mfano mwingine ni wa nyaya za umeme. Sheria ya Nishati ya 2019 inakataza shirika la umma kutoza ada kwa miundombinu ya umma ya nishati bila idhini ya waziri. Kaunti nayo inadai malipo kwa nyaya na nguzo zilizopita katika ardhi yake. Februari 2025, katikati ya mvutano wa madeni kati ya kaunti na Kenya Power, taka zilimwagwa nje ya Stima Plaza, ofisi za kampuni hiyo. Suala ambalo lingeweza kubishaniwa mbele ya kamati ya Bunge wakati wa kuandika mswada lilifika barabarani miaka sita baadaye.

## Ulinganisho na majiji mengine

Nchini Tanzania serikali za mitaa husemewa kwa pamoja na Jumuiya ya Tawala za Mitaa (ALAT), lakini mamlaka ya kuziunda na kuzivunja yako kwa serikali kuu. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kwa Nairobi jambo kama hilo lingehitaji zaidi ya agizo, kwa kuwa kaunti imetajwa katika Katiba.

Nchini Marekani, jiji la New York nalo hutegemea bunge la jimbo. Mpango wa meya Michael Bloomberg wa kutoza magari yanayoingia katikati ya Manhattan ulikufa katika bunge hilo mwaka 2008 bila kupigiwa kura. Jimbo liliidhinisha mpango wa namna hiyo mwaka 2019, na utozaji ukaanza tarehe 5 Januari 2025.

## Tathmini

Tangu mwaka 2013 Nairobi imefanikiwa zaidi pale dai lake lilipokuwa dai la kaunti zote, kama katika ukubwa wa mgao. Imekuwa dhaifu katika mambo yanayoihusu yenyewe, kama gharama za kuwa mji mkuu, kwa sababu hayo hayana kura 24 za kuyapitisha Seneti. Udhaifu huo huongezeka gavana anapokuwa na matatizo ya kisiasa au ya kisheria.

Wakazi si lazima wasubiri serikali yao. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na kamati zinapaswa kumsikiliza mchuuzi wa Gikomba kama zinavyomsikiliza gavana. Wakati mwingine huja kuunga mkono msimamo wa jiji, na wakati mwingine huja kuupinga, hasa pale mapato ambayo kaunti inayatetea ni ada zinazotoka mifukoni mwao.