Stoo Haifundishi Filamu

Tumeshauriwa kwamba anayeitaka kazi ya filamu na televisheni achague chuo chenye kamera mpya kuliko vyote, eti soko linataka wanaozijua mashine za kisasa. Kamera hiyo mpya itakuwa kikongwe kabla mwanafunzi hajavaa joho. Mwaka 2015 Sean Baker alitoa Tangerine, filamu aliyoipiga kwa iPhone 5s, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance. Sijui chuo gani kingeitia simu hiyo kwenye kipeperushi chake. Kamera hukodishwa kwa siku. Jicho la mhariri anayejua pa kukata halikodishwi. Nayo filamu Nairobi Half Life ya 2012, iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga, ilitokana na warsha ya walezi wazoefu, si ghala la vifaa.

Watasema asiyegusa mashine haajiriwi. Kweli, na aguse! Ila kamera kumi zinazosubiri saini ya mkuu wa idara hazimfai kama moja iliyochakaa inayotoka kila wiki. Anayetembelea chuo, kiwe Bagamoyo au Nairobi, aombe filamu fupi za waliohitimu mwaka jana, kisha aulize nani alirekodi sauti.