Sanaa ya Taifa Isikwame Kilomita Sifuri

Jumba la Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, lilijengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya utawala wa kikoloni, na umbali wa barabara za Kenya ulikuwa ukipimwa kuanzia hapo. Hiyo ndiyo kilomita sifuri ya nchi. Humo ndimo ilimowekwa sehemu ya hazina ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, aliyeacha serikali mwaka 1966 na ambaye alijitolea kukusanya vinyago, vitambaa, mapambo na picha kutoka pembe zote za Afrika. Sehemu nyingine imo katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, si mbali na hapo kwa miguu. Mtoto wa Makutano, hapo Meru njia inapogawanyika kwenda Maua na kwenda Nanyuki, yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka majumba hayo mawili. Hazina hiyo ni mali yake sawasawa na ilivyo ya mtoto wa Nairobi, na haki yake haitatimia kwa kumhimiza afunge safari. Kazi zenyewe ndizo zinazopaswa kusafiri.

Tazama picha za Joy Adamson, yule aliyekuja kujulikana duniani kwa simba wake Elsa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii za Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao ya jadi. Alichora mamia, na miongoni mwa waliokaa mbele yake wamo watu wa Meru, wa Tharaka na wa Embu. Picha hizo zimo mikononi mwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na maonyesho yake makuu yako Nairobi. Ni kweli zilichorwa kwa jicho la mgeni, chini ya utawala uliowahesabu watu hao kama raia wa kutawaliwa. Kwa sababu hiyo hasa zinafaa kuletwa nyumbani zihojiwe. Mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, akisimama mbele ya picha ya aina hiyo ataweza kueleza pambo hili lilivaliwa na nani, lini na kwa idhini ya nani; na pengine atasema lile jingine halikuwa mahali pake. Maneno hayo yakirekodiwa, makavazi yatakuwa yamepata elimu ambayo hayakuwa nayo. Kila mwaka unaopita bila kufanya hivyo tunapoteza wazee wenye majibu.

Haja ya wanafunzi nayo ni ya sasa. Mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya Sekondari Pevu. Tumemwambia kijana kwamba anaweza kuchagua sanaa kama mwenzake anavyochagua sayansi, kisha tukamwachia picha ndogo za kitabuni. Picha ya kitabu haionyeshi ukubwa wa kazi, unene wa rangi wala alama za patasi kwenye mti.

Wapo watakaosema intaneti inatosha, kwa kuwa Makavazi ya Kitaifa tayari yameweka sehemu ya mikusanyo yao huko. Ni msaada mzuri wa kumwandaa mwanafunzi kabla ya ziara, lakini simu hupunguza kinyago na kitambaa vyote vikawa sawa na kiganja. Pingamizi zito zaidi ni la usalama: kazi za zamani huharibiwa na mwanga, unyevu na mitikisiko ya njiani. Zile dhaifu zibaki Nairobi na nakala bora zitumwe. Zilizo imara ziazimwe kwa miezi michache, zifikie Makavazi ya Meru, ambayo yamo katika jengo la mawe la utawala wa zamani na yanasimamiwa na taasisi ileile inayozitunza Nairobi. Kisha ziteremke Chuka na Embu, ambako kuna vyuo vikuu vyenye kumbi. Wala tusidhani sanaa kubwa haiwezi kuishi mikoani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa huko Murang'a, Yesu akiwa Mwafrika katika mandhari ya hukohuko, na waumini wakazipata picha hizo kwao.

Kuhusu fedha, sidai jumba jipya, na dawa hospitalini zisiguswe. Kinachohitajika ni magari, bima, mwongozo wa walimu, na maelezo ya Kiswahili na Kimeru chini ya kila kazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti makavazi na shughuli za utamaduni, kwa hiyo mabunge ya Meru na Embu hayawezi kusema jambo hili ni la Nairobi pekee. Nanyi walimu wa Makutano, Makavazi ya Meru yako hapo mjini. Pelekeni madarasa yenu, na mkifika ulizeni kwa maandishi picha za watu wa Meru zilizoko Nairobi zitaletwa lini.